Ilektivu ya medisini mwaka wa mwisho: uliza vitanda kabla ya kuuliza jina la hospitali

Waulize wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano ilektivu yao, yaani wiki za mafunzo wanazojichagulia wenyewe, wanaipeleka wapi, watakutajia hospitali. Mmoja Muhimbili, mwingine KCMC ya Moshi, wa tatu ana shemeji yake Mwanza kwa hiyo ni Bugando. Ni nadra kumsikia anayetaja timu, au idadi ya vitanda atakavyokabidhiwa, au rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) atakayembana maswali saa mbili asubuhi. Na hayo ndiyo yanayoamua kama wiki zake nne za medisini (tiba ya ndani) zitamfaa siku ya kwanza ya utarajali, au zitaishia kuwa muhuri kwenye fomu.

Hapa tunapima aina tatu za ilektivu ya tiba ya ndani anazoweza kuzipata mwanafunzi wa kwetu: wodi ya jumla katika hospitali ya rufaa ya taifa au ya kanda, kitengo cha ubingwa bobezi, na hospitali ya mkoa au ya misheni. Tumechukulia muda wa wiki nne. Chini ya hapo usijisumbue, maana wiki ya kwanza yote hupotea kwenye kujua faili zinakaa wapi na maabara inafunga dirisha saa ngapi.

Wodi ya jumla: 9 kwa 10, ukipewa vitanda

Hapa ndipo pa kwenda kama hujawahi kukaa na mgonjwa wako mwenyewe tangu alazwe hadi aruhusiwe. Timu ya kawaida ina bingwa mmoja au wawili, marezidenti, madaktari tarajali wawili watatu, kisha wanafunzi. Siku huanza kwa ripoti ya asubuhi: aliyekuwa zamu anasoma waliolazwa usiku, waliofariki, na wale wawili watatu waliomnyima usingizi. Baada yake ni raundi. Rezidenti anapita kila siku. Bingwa ana siku zake za raundi kubwa, na siku hizo hata dawati la wauguzi hukaa kimya.

Siku ya thamani kuliko zote ni ile timu yako inayopokea wagonjwa. Anayeondoka saa tisa alasiri siku hiyo amejinyima mwenyewe. Mgonjwa uliyemklaki, yaani uliyemchukua historia na kumpima mwenyewe, saa nne usiku, kabla hajaguswa na mtu, anakufundisha kufikiri. Yule uliyemkuta asubuhi na utambuzi umeshaandikwa juu ya faili anakufundisha kunakili.

Omba vitanda vinne hadi sita. Chini ya vinne utakosa mchanganyiko wa magonjwa; ukivuka sita utaanza kuhamisha maandishi ya jana kuwa ya leo. Kuwa na kitanda maana yake ni hivi: unaklaki mwenyewe, unaandika hali ya mgonjwa kabla raundi haijafika, unafuata majibu ya vipimo kwa miguu yako, unaandaa rasimu ya karatasi ya ruhusa ili daktari aisome na kusaini, na unasimama pale ndugu wanapoelezwa dawa. Timu inayokuambia "wewe fuatana nasi tu" imekupa ziara ya matembezi.

Kinachowaangusha wengi si elimu ya vitabuni. Ni lugha, tena Kiswahili. Tumesoma kwa Kiingereza, tunawasilisha kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na njiani hapo mambo hupotea. Mzee akisema "nina homa" huenda hana joto lolote. Anamaanisha mwili haumo. "Presha ya kushuka" aghalabu ni kizunguzungu ambacho hakijapimwa na mtu. "Vidonda vya tumbo" ni jina la kila maumivu yanayokaa chini ya chembe ya moyo, na mara mojamoja hayo maumivu ni ya moyo wenyewe. "Nilikutwa na taifodi na UTI" maana yake alipita duka la dawa au zahanati, akafanyiwa Widal. Kipimo hicho kinaonyesha kingamwili tu. Sampuli moja haithibitishi taifodi, na bado mgonjwa anakuja na siku saba za antibayotiki mwilini, kisha unashangaa damu uliyootesha haikuota kitu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, ndipo uyatafsiri.

Mfano wa karibu. Mama wa miaka 34 amejifungua wiki 6 zilizopita, hana historia ya presha wala sukari, anakuja na kubanwa pumzi kwa wiki 2. Kitabu kinakutaka umuulize analalia mito mingapi. Nyumbani kwake mto ni mmoja na anaulalia mtoto. Muulize "unalalaje, mama?" naye atakwambia, "Nalala nimekaa, naegemea ukuta." Umeshapata unachokitafuta, na sentensi yako ya kwanza mbele ya bingwa imeshajiandika: umri, alijifungua lini, pumzi, muda, hawezi kulala chali. Bingwa ataanza kuwaza misuli ya moyo iliyodhoofika baada ya uzazi kabla hujafungua mdomo mara ya pili. Mwanafunzi aliyeanza na "mgonjwa huyu alikuwa mzima hadi alipoanza kujisikia vibaya" atakatizwa, na anastahili kukatizwa.

Historia ya dawa nayo ina mlango wake wa uani. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" utajibiwa "situmii". Uliza moja moja: sindano za maumivu? dawa za kununua dukani bila cheti? mitishamba, ya kunywa au ya kujifukiza? dawa za presha uliacha lini, na kwa nini? Kreatinini (kipimo cha figo) iliyopanda ghafla mara nyingi hujielezea hapo, kwenye diklofenaki ya wiki mbili au chupa ya majani yaliyochemshwa. Uliza bila kukunja uso. Anza na shikamoo kwa anayestahili shikamoo, vuta pazia kama lipo, na usimuulize mzee habari za ukimwi mbele ya mkwewe.

Jambo la pili linalotofautisha ilektivu nzuri ya wodi ya jumla na mbovu ni kama unaachwa ufanye hesabu. Chukua sukari iliyopanda hadi damu kuwa na asidi. Kwenye wodi isiyo na pampu ya dripu, insulini inaendeshwa kwa matone, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anatakiwa ajue matone hayo yanatoka wapi. Uniti 50 za insulini ile angavu kama maji, isiyo na ukungu, zinawekwa kwenye mililita 500 za saline (maji ya chumvi), hivyo kila mililita 10 zina uniti 1. Mgonjwa wa kilo 60 kwa kipimo cha uniti 0.1 kwa kilo anahitaji uniti 6 kwa saa, yaani mililita 60. Seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita: gawa mililita za saa kwa 3, upate matone 20 kwa dakika. Seti ya matone 15: gawa kwa 4. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti, na pakiti ndiyo inayotupwa kwanza.

Makosa ya hapo yanajulikana. La kwanza ni kuanza insulini kabla ya kujua potasiamu. Ikiwa chini ya 3.5 mmol kwa lita insulini inasubiri, kwani itaisukuma potasiamu ndani ya seli na moyo utapoteza mwendo. Maabara isipotoa potasiamu usiku, ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inakupa dokezo japo haichukui nafasi ya kipimo. La pili ni kusahau kwamba insulini inanata kwenye plastiki: pitisha mililita 50 za mwanzo kwenye mrija na uzimwage kabla ya kumuunganisha mgonjwa. La tatu ni kuzima dripu sukari inapofika 14 mmol kwa lita huku asidi bado ipo. Hapo huongezwa glukosi, insulini inaendelea kwa kiwango kidogo. Rezidenti anayekuachia kalamu upige hesabu hii, kisha akaikagua kabla haijamgusa mgonjwa, ndiye sababu ya kuchagua timu yake.

Au chukua mgonjwa wa VVU mwenye kichwa kinachouma kwa wiki tatu. Atachomwa uti wa mgongo, na kazi yako ni kusaidia. Kipimo cha shinikizo la maji ya uti kwenye wodi nyingi hakipo, hivyo hutumika mrija safi wa dripu uliofungwa pale pale: mgonjwa amelala ubavu, miguu imelegezwa, mrija unaunganishwa kwenye sindano na kushikwa wima, na mtu wa pili anapima kwa futi ya fundi, bila kuugusa, kutoka usawa wa sindano hadi maji yanapokomea. Zaidi ya sentimita 25 ni shinikizo kubwa. Maji yanatolewa hadi lishuke chini ya 20 au, kama lilikuwa juu mno, hadi nusu. Kosa la kawaida ni kupima magoti yakiwa bado yamebanwa tumboni, namba ikapanda bure. Kosa kubwa zaidi ni kuridhika na kuchukua sampuli tu, ukasubiri jibu la kriptokoka (fangasi anayeshambulia utando wa ubongo) wakati shinikizo ndilo linalomuua. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kilo, pamoja na fluusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Timu inayofundisha vizuri itakuuliza pia ufanye nini fluusitosini isipokuwepo stoo.

Mahali nako kuna uzito wake, kwa sababu ya magonjwa kuliko jina. Kanda ya Ziwa utaona watu wanaotapika damu nyingi huku ini lao likifanya kazi vizuri: ni kichocho cha tumbo kilichoziba mishipa ya ini, wengu umefika kitovuni, mishipa ya umio imevimba. Mwanafunzi aliyezoea kudhani kila mwenye damu hiyo ni mlevi hupata funzo lake huko. Moshi ni pa wanaotaka kujifunza homa. Utafiti uliofanywa huko kati ya 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa ulikuta 528 waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikuwa na bruselosi, leptospirosisi, homa ya Q na mengine ya mifugo ambayo hayaulizwi kwa sababu hakuna anayemuuliza mgonjwa kama anafuga. Ukiwa huko omba barua ya siku moja uende Kibong'oto, wilayani Siha, ukaone wodi za kifua kikuu sugu zinavyoendeshwa. Dar es Salaam kuna kila kitu, pamoja na wanafunzi wa kila chuo.

Na hapo ndipo kasoro kubwa ya wodi ya jumla ilipo: msongamano. Raundi ya wanafunzi kumi na wawili kuzunguka kitanda kimoja ni raundi ya watatu walio mbele. Dawa yake ni kalenda. Kabla ya kuchagua tarehe, uliza ofisi ya idara ni lini wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaingia medisini na lini mwaka wa tano wanafanya mtihani wa kitandani. Wiki za mtihani mabingwa hawafundishi, wanatahini, na wagonjwa wenye dalili nzuri wamechoka kuguswa tumbo. Kasoro ya pili ni mfumo wa kompyuta. Hospitali nyingi zimeacha karatasi, majibu ya maabara na picha yanaonekana kwa mwenye akaunti tu, na mgeni wa wiki nne hana. Usikubali kupewa nywila ya daktari tarajali. Jambo lolote baya likiandikwa humo limeandikwa kwa jina lake. Omba akaunti ya kusoma tu wiki mbili kabla hujafika, kwa barua.

Neno moja kuhusu wageni. Ukipangwa timu moja na mwanafunzi kutoka Ulaya, utageuzwa mkalimani siku ya kwanza, na ukilegea utabaki mkalimani mwezi mzima. Gawaneni vitanda tangu mwanzo: mtafsirie wa kwake, naye akusikilize ukiwasilisha wa kwako. Picha za wagonjwa asipige yeye wala wewe, na ECG yenye jina isiende kwenye grupu la WhatsApp.

Ubingwa bobezi: 6 kwa 10, na wiki mbili kati ya nne zinatosha

Kitengo cha moyo, cha figo au cha tumbo na ini kina mvuto wake, hasa Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko eneo moja na Muhimbili, na ambako upandikizaji wa kwanza wa figo nchini ulifanyika Novemba 2017. Ukitaka ubingwa huo baadaye, nenda ukaone. Lakini tazama utakachofanya kwa mikono yako: kidogo sana. Katheta inapita kwenye mshipa, wewe uko nyuma ya kioo. Endoskopi inaonyesha umio kwenye skrini, mkono ni wa mwingine.

Kinachofaa humo ni kurudia kitu kimoja hadi kikae. Kwenye kitengo cha moyo soma ECG kumi kila siku kabla hujaona jibu lililoandikwa, kwa mpangilio ule ule: mwendo, kasi, mhimili, kisha mawimbi na vipindi vyake: P, PR, QRS, ST, T, QT. Mwisho wa wiki ya pili umesoma mia, na hicho hakipatikani kwingine. Kwenye usafishaji damu keti na mgonjwa mmoja saa zote nne za mashine, uone presha inavyoshuka na muuguzi anavyojua kabla mashine haijalia. Uliza anakuja mara ngapi kwa wiki na nani analipa. Mpango kamili ni mara tatu; tofauti kati ya tatu na mbili utaiona kwenye miguu yake na kwenye uzito aliokuja nao.

Ukiruhusiwa kugawa, wiki mbili wodi ya jumla kisha mbili kitengoni, kwa utaratibu huo. Waliogeuza huishia kujua sehemu ya damu inayosukumwa na moyo kwa asilimia huku hawajui kupima mshipa wa shingo kwa macho.

Mkoa na misheni: 8 bingwa akiwepo, 4 asipokuwepo

Swali ni moja, na liulizwe kwa simu kwa sababu barua hazilijibu: bingwa wa tiba ya ndani yupo wodini siku ngapi kwa wiki? Akiwa yupo siku zote tano, hii ndiyo ilektivu itakayokufanya daktari. Wanafunzi ni wachache, vitanda ni vyako, kanula na majimaji ya tumbo unatoa chini ya usimamizi, na unajifunza kuamua ukiwa na picha ya kifua, utrasaundi na kichwa chako. CT huenda iko saa tatu za barabara, kwa hiyo kiharusi unakipima kwa mikono na unaandika rufaa yenye maana: kilichoonekana, saa kilipoanza, kilichofanyika, kinachoombwa.

Bingwa asipokuwepo, utaachiwa wodi na tarajali aliyemaliza chuo mwaka jana. Mtafanya kazi sana na hakuna atakayewasahihisha, na kosa lililorudiwa mara ishirini bila kusahihishwa linakuwa tabia. Usikubali pia kusifiwa hadi ukaandika dawa bila saini ya daktari aliyesajiliwa. Mwanafunzi hana leseni, hata wodi ikiwa na watu sitini.

Kwenda nje

Njia nyepesi ni mabadilishano ya IFMSA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, ambayo kwa Tanzania yanapitia chama cha TAMSA na kwa Kenya MSAKE: wiki nne, malazi na angalau mlo mmoja kwa siku kutoka kwa wenyeji, tiketi, viza na bima ni juu yako. Kwanza hakikisha chuo chako kitazihesabu wiki hizo. Vyuo vingine vina ushirikiano wao, kama Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na Indiana, ambako wanafunzi wanakwenda pande zote mbili. Maombi ya Marekani kwa kiasi kikubwa hupita kwenye VSLO, mfumo wa mtandaoni wa kuombea ilektivu, na chuo chako kisipokuwa kwenye mtandao huo itabidi uandikie hospitali moja moja. Tofautisha ilektivu na nafasi ya kutazama tu. Ya pili haikuruhusu kumgusa mgonjwa, na wauzaji wa nafasi hizo mtandaoni hawalisemi hilo kwa herufi kubwa. Jambo dogo linalochelewesha wengi wetu: kipimo cha ngozi cha TB huweza kuonyesha chanya kwa sababu ya BCG ya utotoni. Fanya kile cha damu, IGRA, mapema.

Karatasi, chanjo na begi

Anza miezi minane kabla, na sababu ni chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6. Baada ya mwezi mmoja au miwili pima kingamwili. Ikiwa 10 mIU kwa mililita na kuendelea unalindwa. Mwanafunzi anayeanza chanjo wiki ya kufunga begi anaingia wodini bila kinga.

Barua ya chuo iwe na tarehe kamili, idara, na jina la mtu wa kupigiwa simu. Ambatisha malengo ya ukurasa mmoja. "Kujifunza tiba ya ndani" si lengo. Andika: kuklaki wagonjwa 20, kusoma ECG 40, kusaidia uchomaji wa uti wa mgongo 3, kuwasilisha kesi 4, moja kati yake mbele ya idara nzima. Msimamizi akiiona karatasi hiyo anajua akupangie nini, na mwisho wa mwezi unajua nini kimebaki. Ada hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na kati ya mwananchi na mgeni. Kwenye taasisi za serikali Tanzania lipa kwa kontrolo namba tu. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, hiyo si ada.

Kabla ya zamu ya kwanza, uliza dawa za kinga baada ya kuchomwa na sindano zinakaa wapi saa nane usiku, na funguo anazo nani. Ukichomwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa hapo hapo. Dawa zianze ndani ya saa chache, isipite saa 72, ziendelee siku 28. Wengi huchelewa kwa aibu, wakidhani wataonekana wazembe. Barakoa za N95 chukua zako, kwani mgonjwa anayekohoa kitanda cha saba huenda hajapimwa makohozi bado.

Begini: stetoskopu uliyoizoea (ya bei kubwa haisikii badala yako), mashine ya presha yenye mikanda miwili, tochi, nyundo ya goti, futi, na uma wa kupimia mtetemo. Uma uwe wa hezi 128. Ule wa 512 ni wa masikio na hautakuambia kitu kwenye mguu wa mwenye sukari. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha presha isiyokuwepo, kwa hiyo mpira wake uzunguke asilimia 80 ya mkono. Kipima oksijeni cha kidole kinadanganywa na vidole vya baridi, na rangi ya kucha au hina nyeusi inaweza kukichanganya. Kwa bibi harusi wa juzi kipeleke kwenye kidole cha mguu au ubadili kidole, na subiri namba itulie ndipo uisome. Glavu beba boksi moja. Zikiisha wodini, sista inchaji atakukumbuka kwa wema, na ndiye anayejua mgonjwa gani ana dalili ambazo hujawahi kuzisikia.

Fomu ya tathmini mpelekee msimamizi mwanzoni mwa wiki ya tatu, si Ijumaa ya mwisho. Mabingwa husafiri, huenda likizo, hupangiwa mitihani kwenye vyuo vingine, na naibu wake hatasaini mtu asiyemjua. Chapisha nakala mbili, malengo yako yakiwa yameambatishwa na idadi uliyotimiza imeandikwa pembeni kwa kalamu. Saini iwe na jina kwa herufi kubwa na namba ya usajili wa daktari. Muhuri uwe wa idara. Wa mapokezi vyuo vingi huurudisha. Na kitambulisho cha muda kirudishe kwa aliyekupa, uandikiwe kwamba umekirudisha.